Watoto Wangu na Dirisha la Wanaoaminika

Kadi yangu niliipata walipoanza tu kuzitoa pale mpakani, na nilikuwa mmoja wa watu wa kwanza kutoka Kibosho kuwa nayo. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na mwenye shaka akaulize. Ni kadi ya watu wanaovuka mara kwa mara na ambao hawana doa. Wanakuhoji, wanachukua alama za vidole na picha ya uso, wanapekua habari zako upande huu na upande ule, ukionekana msafi unapewa dirisha lako. Wenzako wamejipanga mpaka nje ya kivuli cha bati, wewe unaweka kidole, taa inawaka kijani, unapita. Mimi niliyeishia darasa la nne, niliyeanza maisha kwa kuteremsha ndizi mjini kwa baiskeli isiyo na breki, nikawa napita mbele ya watu wenye shahada zao na tai zao, nawapungia mkono.

Kazi yangu ni maparachichi na ndizi. Nakusanya mlimani, kuanzia Kibosho mpaka Masama, napakia, navusha kwenda Taveta na mbele zaidi. Magari ni yangu, madereva ni wangu, na wawili kati yao walinipita shule kwa mbali sana. Kwa hiyo mtu akiniambia jambo fulani haliwezekani, huwa namsikiliza kwa adabu halafu nakwenda kulifanya.

Lakini hili la watoto karibu linishinde.

Mke wangu ni mzaliwa wa Taveta na ni muuguzi. Tulikaa wote Kibosho miaka mingi, watoto wakazaliwa, msichana kwanza na mvulana baadaye. Kisha akapata kazi hospitali ya kwao, kazi nzuri, na mimi siyo mwanamume wa kumfungia mke ndani. Nikamwambia nenda. Tukakubaliana kwamba watoto wabaki kwangu, wasome huku, na kila Ijumaa niwapeleke kwa mama yao mpaka Jumapili. Kwenye maneno mpango ulikuwa mzuri. Kwenye foleni ya mpakani ulikuwa mateso.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda nao moja kwa moja kwenye dirisha langu, mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Nikaweka kidole, taa ikawaka kijani. Nikapiga hatua. Askari akanyoosha mkono mbele ya watoto kama mtu anayezuia mbuzi. Akasema kadi ni yangu peke yangu, watoto hawana kadi, warudi foleni ya kawaida.

Nikamuuliza, sasa mtoto wa miaka minne apange foleni peke yake?

"Urudi naye, mzee. Wewe unaaminika, yeye bado."

Watu kwenye foleni walicheka. Mama mmoja muuza vitunguu wa Himo, ambaye ananijua tangu enzi za baiskeli, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Leo tajiri amekuja kutusalimia." Nikarudi nyuma, nikajipanga kama watu wengine. Jua likazama tumesimama. Tulipofika kwa mama yao, wote wawili walikuwa wamelala, nikawabeba kama magunia, akawapokea kama magunia. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Wanafika wamelala Ijumaa, Jumamosi wana usingizi na hasira, Jumapili mchana tunaanza kukimbilia foleni ya kurudi.

Ndipo mke wangu akasema neno lake. Hakupandisha sauti, yeye siyo mtu wa kupandisha sauti, na hilo ndilo linalotisha. Alisema amechoka kulea watoto waliolala. Kama siwezi kuwapitisha kama binadamu, basi Januari wanahamia kwake, wanaanza shule Taveta, na mimi ndiye nitakayevuka kwenda kuwaona, kwa vile kadi ninayo.

Huwezi kuelewa neno hilo lilivyoniuma kama hujui watoto wangu wana majina ya nani. Kwetu msichana wa kwanza anachukua jina la bibi mzaa baba, na mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba. Wengine huishia kwenye jina tu. Mimi sikuishia hapo. Baba na mama yangu wamezikwa pale kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, chini ya migomba, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Mama alifariki akiwa hajaona gari langu hata moja. Msichana alipozaliwa nikampokea kama mama aliyerudi kuona. Tangu siku ile namwita Mae, yaani mama kwa Kichagga. Asubuhi nampa shikamoo, naye ananijibu marahaba mwanangu. Ananiuliza kama nimekula. Nikichelewa ananigombeza. Mdogo wake tunamwita Meku, yaani mzee, na akiwa na furaha hunipiga begani na kuniita kijana. Wageni hucheka, lakini nyumbani kwangu huo siyo mchezo. Watoto hao kukulia ng'ambo, mbali na makaburi ya wenye majina yao, kwangu ni sawa na kung'oa mgomba na kuacha shimo.

Mke wangu hakulipenda jambo hili sana. Alikuwa akisema amebeba mimba miezi tisa akamzaa mama mkwe.

Nikauliza pale mpakani, nikaambiwa watoto nao wanasajiliwa, hata wachanga, kila mmoja kwa nafsi yake. Vinatakiwa vyeti vya kuzaliwa na pasi zao za kusafiria. Wazazi wote wawili wafike. Na mtoto anayejua kusema ataulizwa maswali madogo, kuhakikisha kwamba anayemvusha ni mzazi kweli. Nikapewa siku, na mke wangu akasema atakuja kutoka upande wake akitoka zamu ya usiku, tukutane palepale, kwa kuwa maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja.

Maswali madogo. Hapo nikajua pa kushika. Sisi Wakatoliki wa mlimani tumelelewa kwa maswali na majibu. Kabla ya komunyo ya kwanza katekista anakuuliza, wewe unajibu, wote kwa sauti moja, na asiyekariri hapokei. Ndivyo nilivyopita komunyo, na miaka mingi baadaye ndivyo nilivyopita mtihani wa leseni ya udereva, kwa kukariri alama za barabarani kama sala. Kwa hiyo siku ile tulipotoka nyumbani, tangu tunateremka barabara ya mawe ya Kibosho, kupita Moshi mjini, mpaka tunaikaribia Himo, gari lilikuwa darasa la katekisimu. Mimi nauliza, huyu ni nani? Wao wanajibu, huyu ni baba yetu mzazi, anatupenda, tunaishi naye Kibosho. Tena. Huyu ni nani? Mwisho walikuwa wanatamka vizuri kuliko mimi. Nikawaambia kitu kimoja cha ziada: leo hakuna kuniita mwanangu wala kijana. Mae akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni heshima ya ofisi.

Mpaka leo nasema mzazi anayepeleka mtoto kwenye usaili bila kumwandaa amelala. Lakini nitaeleza kilichotokea.

Tulifika mapema. Mke wangu hakuwapo na simu yake iliita bila kupokelewa. Ofisa aliyetuita alikuwa dada kijana, sare imenyooka, uso mtulivu. Kwenye kona alikaa mama wa ustawi wa jamii na kikombe chake cha chai. Watoto waliamkia wote wawili, shikamoo, shikamoo, mikono imekunjwa kifuani kama nilivyowafunza. Ofisa akatabasamu. Akaniuliza mama yao yuko wapi, nikasema yuko njiani. Akasema basi tuanze na watoto wakati tunamsubiri. Akamwinamia Mae, akamuuliza kama safari ilikuwa nzuri.

Mae akavuta pumzi. "Huyu ni baba yetu mzazi, anatupenda, tunaishi naye Kibosho."

"Amina," akamalizia Meku.

Ofisa hakucheka. Aliweka kalamu mezani taratibu, akamtazama yule mama wa ustawi, yule mama akaweka kikombe chini. Niliuona ule mtazamo. Nimefanya biashara maisha yangu yote, najua watu wawili wakitazamana hivyo maana yake bei imebadilika.

"Nani amekufundisha kusema hivyo, mrembo?"

Mae akaninyooshea kidole.

"Na nyumbani unamwitaje?"

Mtoto wangu hasemi uongo. Nimemlea hivyo mwenyewe. Alinitazama, akatazama chini, akakumbuka katazo langu, halafu akachagua ukweli.

"Mwanangu."

Mimi nilicheka, na nilicheka peke yangu. Nikaanza kumweleza ofisa habari ya jina la marehemu mama, akanisikiliza mpaka mwisho, simlaumu. Akasema hata kwao mtoto anaweza kuitwa babu au bibi kwa ajili ya jina, hilo analijua. Lakini hajawahi kusikia mtoto wa miaka sita akimwita baba yake mzazi mwanangu, na hajawahi kuona mtoto wa kuzaa akifundishwa kusema huyu ni baba yangu mzazi. "Mtoto wa kuzaa hafundishwi hilo, mzee. Wanaofundishwa ni wale wengine."

Pale ndipo nilipotumia kitu kilichonisaidia kila mahali maishani, nikamweleza mimi ni nani. Nikamwambia habari ya magari. Nikamwambia bati la kanisa la kigango chetu limepanda kwa mkono wangu. Nikamwambia binti, uliza mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Bomang'ombe.

"Mimi ni ofisa, mzee, siyo binti. Na sijauliza magari. Wanaovusha watoto wa watu nao huwa na magari. Nao huvuka mara kwa mara, na huvaa vizuri kama wewe."

Akaendelea kwa sauti ileile, kama anayesoma tangazo. Watoto watakaa chumba cha ndani na mama wa ustawi. Mimi nisubiri nje. Mama yao akifika na vitambulisho vyake wataongea naye peke yake. Asipofika mpaka ofisi kufungwa, watoto watalala mahali salama watakapopanga wao. Na kadi yangu imesimamishwa kuanzia sasa hivi.

Meku alipoona nasukumwa kuelekea mlangoni akaanza kulia. Mae akamshika mkono, akamwambia nyamaza, na ile sauti ilikuwa ya mama yangu kabisa, nathubutu kuapa. Kisha mlango ukafungwa.

Nikakaa kwenye benchi la nje pamoja na watu wa foleni. Nikapiga simu, inaita. Nikapiga tena, inaita. Yule mama wa vitunguu akatokea, maana siku ile alikuwa na mzigo, akanikuta nimekaa. Akaniuliza kama dirisha la matajiri limefungwa leo. Kwa mara ya kwanza tangu anijue nilikosa la kumrudishia. Akaona uso wangu, akakaa. Nikamweleza. Alisikiliza huku anafungua na kufunga fundo la kanga yake, mwisho akainuka, akaenda kugonga mlango, akawaambia ananifahamu tangu sina viatu na watoto ni wangu, mtazameni tu yule wa kiume masikio yake. Wakamshukuru, wakamwambia atakayesikilizwa ni mama mzazi peke yake. Akarudi akaniambia, "Wamekataa masikio." Foleni yake ikasogea, akaondoka.

Kutoka ndani nilimsikia Meku akilia, akinyamaza, akianza tena. Niliinuka. Askari akaniambia, "Kaa, mzee," bila ukali, na hilo liliniuma zaidi kuliko ukali. Nikakaa.

Halafu likanijia wazo ambalo sikulitaka. Mke wangu hana haja ya kusema uongo. Anachotakiwa ni kuchelewa tu. Au akifika, akiulizwa, aseme mambo ya kuitana huko Kibosho yeye hayajui, ni mambo ya baba yao. Neno moja. Watoto wanakabidhiwa kwake, yeye mzazi asiye na shaka, mwenye sare ya hospitali, na wanatoka naye kwa mlango wa upande wa pili. Januari imekuja mapema. Wala hakuna mtu angemlaumu, hata mimi ningeshindwa kusimama mahakamani nikaeleza kwa nini mtoto wangu ananiita mwanawe. Nimeshindana na watu wengi katika biashara hii ya mazao, na nikikaa kwenye benchi kusubiri huwa najua mwenzangu anataka nini na mimi nimeshika nini. Siku ile nilijua anachotaka. Mkononi sikuwa na kitu.

Alifika jua limesimama utosini. Alikuwa bado na sare, sweta juu, macho mekundu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kulikuwa na mama wa kujifungua aliyezidiwa alfajiri na hakuweza kuondoka wodini. Lakini wakati ule alinipita pale kwenye benchi bila salamu, nami sikujua amekasirika au amechoka. Ofisa akampokea mlangoni, mlango ukafungwa tena.

Upande wa pili wa jengo kuna dirisha la vioo vya luva, na kimojawapo kilikuwa hakifungi vizuri. Sikumbuki kuamua kwenda pale. Nilijikuta tu nimesimama pale, na askari ama hakuniona ama alinihurumia.

Nilimsikia ofisa akikagua vitambulisho, akiuliza tarehe za kuzaliwa, wapi, nani alikuwapo. Mke wangu alijibu kama anayesoma cheti cha mgonjwa. Kisha ofisa akauliza, "Huyu mtoto wa kike anamwitaje baba yake?"

Feni ilikuwa inalia kwenye dari. Nilihesabu kila kitu nilichowahi kumkatalia yule mwanamke.

"Anamwita mwanangu," mke wangu alisema. "Na mimi nikimkatalia kitu ananiita mkamwana. Juzi kaniambia ugali haujaiva, mkamwana gani hajui kusonga."

"Na wewe unaitikia?"

"Nifanyeje? Hata marehemu alikuwa ananiambia maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo. Nimemzika mmoja, nikamzaa mwingine."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Ofisa akamwita Mae, akamuuliza swali moja tu, mkamwana wako ni yupi. Nadhani mtoto alionyesha, kwa sababu nilisikia yule mama wa ustawi akicheka kwa pua. Kisha akamuuliza baba yake mzazi ni nani. Mae akavuta ile pumzi yake ya katekisimu, nikafumba macho.

"Huyu ni baba yetu mz—"

"Usiimbe," ofisa alimkatiza kwa upole. "Niambie mwenyewe."

Mae akafikiri kidogo. "Ni yule anayechungulia dirishani."

Wakageuka wote. Sikuwa na pa kujificha, mimi na kimo changu hiki. Ofisa akaniashiria niingie.

Nilidhani tumemaliza. Meku alinirukia shingoni, suruali yake imelowa, nikamshika hivyohivyo na shati langu jeupe. Lakini ofisa alisema limebaki jambo moja, na ndilo kubwa. Kadi hizi zitaniruhusu kuwavusha watoto nikiwa peke yangu, wakati wowote, bila kuulizwa. Ili zitolewe, mama lazima akubali kwa hiari yake. Akamgeukia mke wangu, akamuuliza kama anakubali.

Mke wangu akaomba tuongee nje.

Tulisimama kwenye kivuli cha lori la mtu. Nilitaka kuanza mimi, akainua kidole.

"Umewafundisha waseme nini?"

Nikamwambia.

"Baba yetu mzazi, anatupenda," alirudia polepole. "Bwana wewe. Mtoto amesema kweli, wewe ndiye umemfundisha kuonekana mwongo."

Nikasema nilikuwa nawaandaa. Akasema anajua, mimi hata mazishi huwa nayaandaa. Kisha akaangalia ile foleni, mama mwenye mtoto mgongoni amesimama juani.

"Ningewaambia sijui," alisema. "Nilifikiria kabisa. Wangetoka na mimi leo hii."

"Najua. Nilikuwa dirishani."

"Basi ukisikia nimekubali usidhani nimeshindwa. Nakupa mpaka Krismasi. Nataka wafike kwangu wakiwa macho. Wakifika wamelala, Januari wanahamia kwangu, kadi isiwe kadi, na sitaki maneno ya makaburi."

Sijawahi kununua hata kitunguu bila kuomba kupunguziwa. Siku ile sikuomba. Nikasema sawa.

Tukarudi ndani, akatia saini. Kadi yangu ikafunguliwa. Ofisa akamkalisha Meku kwa picha, naye akagoma kufungua macho, akasema amelala, ikabidi mama yake amtekenye. Kwa Mae picha ilikuja mara moja, lakini vidole vikakataa. Alikuwa amemenya ndizi za mtori jana yake na dada wa nyumbani, na utomvu wa ndizi ukikauka kwenye ngozi unakuwa mweusi, sabuni haiutoi. Kifaa kilisoma, kikakataa, kikasoma, kikakataa. Mke wangu akatoa mafuta ya mgando kwenye mkoba, akamsugua mtoto kidole kimoja kimoja kwa pindo la sweta yake ya kazi, huku Mae akimwambia taratibu, mkamwana, unaumiza. Ofisa akaangalia dirishani ili asicheke mbele yetu. Taa ikawaka kijani.

Kadi zilikuwa tayari baada ya wiki kadhaa. Ijumaa ile sikumwachia dereva, niliendesha mwenyewe, na sikuwafundisha neno hata moja njiani. Waliimba nyimbo za shule mpaka mpakani. Kwenye dirisha Mae aliweka kidole, akapita. Meku nilimnyanyua afikie, akaweka, taa ikawaka, akamtazama yule askari wa siku ile ya kwanza kama anayemdai. Mimi nikawa wa mwisho kupita. Yule mama wa vitunguu alikuwa kwenye foleni, akapiga kelele kwamba sasa wamezaliwa matajiri watatu, nami safari hii nilimjibu, lakini jibu lenyewe haliandikiki.

Tulifika kwa mke wangu jua bado liko juu ya mapaa. Hakututegemea. Alifungua mlango na kitambaa kichwani, fagio mkononi, na Meku akapita chini ya mkono wake akikimbia, anauliza kuna nini cha kula. Hakukuwa na kitu. Hakuwa amepika, alizoea kuwapokea wamelala. Alisimama pale na fagio lake, akaniangalia, akawaangalia, kisha akaingia kubadilisha nguo.

Tukaenda kula hotelini karibu na soko, wote wanne, wali na maharage na samaki. Watoto walizungumza kwa pamoja. Mae alimweleza mama yake habari za mwalimu mpya, nani amepigana na nani, nani amekuwa wa mwisho. Mke wangu alimsikiliza mpaka chakula chake kikapoa. Mimi niliwatolea watoto miiba ya samaki, nikiogopa kuharibu kitu kwa maneno.

Mke wangu alipomaliza kunawa mikono akatazama kiatu cha Meku chini ya meza, soli imefunguka mbele kama mdomo.

"Viatu vya shule vya Januari," aliniambia, bado akikagua ile soli, "wanunulie huko huko Moshi. Mawe ya Kibosho mnayajua wenyewe."

Nikamwita mhudumu nikaagiza samaki mwingine.